IST au Noah: Pima Kwanza Siti ya Mwisho

Familia ya Mtwara au Lindi ikikaa kuchagua kati ya gari mbili za Toyota, IST ndogo ya watu watano na Noah ya siti nane, mjadala huwa mfupi: IST inakula kidogo, Noah inabeba wengi. Hoja ya mafuta haina ubishi. Injini ya cc 1,300 au 1,500 inayovuta gari ya tani moja haiwezi kunywa sawa na ya cc 2,000 inayovuta tani moja na nusu. Hoja ya nafasi ndiyo inayowaponza watu, kwa sababu wengi hupima kwa macho, gari ikiwa tupu, wakiwa wamesimama nje. Nafasi hupimwa ukiwa umekaa, na pa kuanzia si siti ya dereva wala ya mbele kushoto. Anza na siti mbaya kuliko zote ndani ya gari hiyo. Kuna mtu atakaa pale kutoka Mtwara mpaka Dar es Salaam, kilomita zaidi ya 550, na mara nyingi ni yule asiye na sauti ya kulalamika: mtoto, au shangazi aliyekuja juzi kusalimia.

Tuanze na upana, maana hapo ndipo watu hushangaa. IST ya toleo la kwanza, iliyoanza 2002, ina upana wa nje wa milimita 1,695. Noah ya 2001 hadi 2007, ile yenye injini mbele na milango ya kuteleza, katika umbo lake la kawaida ina milimita 1,695 hizo hizo. Haikutokea kwa bahati. Japani kuna daraja la usajili la magari madogo: urefu usizidi mita 4.7, upana mita 1.7, kimo mita 2 na, kwa petroli, injini isizidi cc 2,000. Gari zote mbili zilichorwa zisitoke humo. Kwa hiyo watu wazima watatu waliokaa siti ya kati ya Noah hawajapata upana wa kujivunia kuwazidi watatu wa nyuma ya IST. Kuta za Noah zimesimama wima zaidi, mabega yanapata nafuu kidogo, makalio hayapati. Kina mama watatu wenye miili yao, siti moja, watabanana kote kote.

Tofauti iko kwenye urefu na kimo. Noah ina mita 4.56 kutoka pua hadi mkia, IST ina mita 3.855. Hiyo ni sentimita 70 na nusu. Kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma Noah imezidi sentimita 45 na nusu (milimita 2,825 dhidi ya 2,370), na kimo kimezidi sentimita 32 (1,850 dhidi ya 1,530). Sasa piga hesabu. Ndani ya sentimita 70 hizo imeingizwa safu nzima ya siti pamoja na nafasi ya miguu. Mtu mzima aliyekaa, kutoka mgongoni hadi ncha ya goti, anachukua kama sentimita 60 kabla hujampa pa kuweka nyayo. Hesabu ya urefu peke yake haitoshi. Nafasi ya watu watatu zaidi ilipatikana kwa kubadilisha namna ya kukaa.

Kwenye gari ndogo unakaa kama kwenye kigoda, miguu imenyooshwa mbele, na miguu iliyonyooshwa inakula urefu. Kwenye Noah unakaa kama uko mezani, miguu imeshuka chini wima, ndiyo maana gari ikapandishwa kimo. Ndiyo maana pia futikamba inayopima goti na siti ya mbele tu inadanganya. Sentimita 20 zilizo wazi mbele ya goti hazisaidii kitu ikiwa sakafu imepanda na mto wa siti umeshuka. Magoti yanainuka, mapaja yanaachana na siti, uzito wote unabaki kwenye mifupa ya makalio. Haipiti saa moja, kiuno kinaanza kuuma na miguu inakufa ganzi.

Ukienda kuangalia gari, nenda na futikamba na mtu mrefu kuliko wote nyumbani. Dereva apange siti yake anavyoendesha kweli kweli, asiisogeze mbele kumpendezesha mnunuzi. Kaa nyuma yake, mgongo umegusa kabisa. Ngumi ipite kati ya goti lako na siti ya mbele. Ngumi nyingine ipite kati ya kichwa na dari, kwa sababu kwenye shimo mtu huruka. Nyayo ziweze kuingia chini ya siti ya mbele. Hapo ndipo gari nyingi zilizowekewa redio kubwa au betri ya spika huharibu nafasi. Halafu penyeza kiganja chini ya paja, karibu na goti. Kikiingia bila kugusa kitu, mto ni mfupi au uko chini mno. Kutoka sakafuni hadi ukingo wa mbele wa mto, sentimita 35 kwenda juu zinamfaa mtu mzima wa kawaida. Chini ya 30 magoti lazima yapande. Urefu wa mto kuanzia mgongoni uwe 45 na kuendelea. Ukimaliza, usishuke. Baki umekaa dakika 20 mkiongea bei. Siti laini inapendeza dakika 5 za kwanza, kisha sponji inadidimia na unaanza kuhisi vyuma.

Pima hivyo siti zote, na kwa Noah utaona siti ya kati inashinda karibu kila kitu kilicho sokoni kwa bei yake. Siti ya tatu ni habari nyingine. Inakunjwa na kupandishwa ubavuni ili mizigo ipate pa kukaa, na siti ya kukunjwa haiwezi kuwa nene. Sponji yake ni nyembamba, mgongo wake mfupi, kiegemeo cha kichwa mara nyingi kimeshatolewa na kupotea. Sienta ya kwanza, gari nyingine ya Toyota yenye safu tatu, imeenda mbali zaidi: siti ya tatu inazama chini ya siti ya pili, kwa hiyo mto wake ni mwembamba kuliko hata wa Noah. Wish, nayo ya Toyota, ina siti ya tatu iliyo chini sana, magoti yanakaribia kidevu. Hizo ni siti za watoto, au za mtu mzima anayetoka Mtwara mjini kwenda Mikindani. Kumkalisha humo mtu mzima mpaka Masasi, kilomita kama 200, ni kumtesa.

Unene wa mto ni nusu tu ya shida, kwani siti ya tatu iko juu ya ekseli ya nyuma au karibu nayo kabisa. Gari ikiingia shimoni, aliyekaa juu ya tairi anapokea pigo zima, aliyekaa katikati ya ekseli mbili anapokea sehemu yake. Mwangalie abiria wa mwisho kwenye tuta la kijijini. Tairi za mbele zinapanda na kushuka, dereva anaona amemaliza, anakanyaga mafuta. Tairi za nyuma zinapanda sasa, kwa mwendo mkubwa kuliko za mbele. Yule wa nyuma anarushwa, meno yanagongana, kichwa kinakutana na dari. Mbele mazungumzo yanaendelea kama kawaida. Dereva wa Noah anatakiwa ahesabu tuta mara mbili, na asiongeze mwendo mpaka mgongo wa gari uvuke. Kwa barabara zetu, zenye viraka na vipande vilivyotengenezwa upya baada ya mafuriko ya Mei 2024 kukata njia ya Lindi kwenda Dar maeneo ya Somanga, hili linahesabika kuliko aina ya siti.

Watoto wanaotapika safarini wengi wamewekwa huko nyuma. Hawaoni barabara mbele, mkia wa gari unawayumbisha kuliko wengine, hewa ya baridi inawafikia mwisho. Wahamishie siti ya kati, waone kioo cha mbele, na wengi wao watafika Lindi hawajaomba mfuko.

IST nayo ina tabia zake. Abiria wa nyuma hayuko mbali na ekseli, na gari fupi hupiga kichwa, pua juu pua chini, kwenye matuta yanayofuatana. Lakini mto wa siti yake ya nyuma ni siti kamili, na IST nyingi za toleo la kwanza zina siti ya nyuma inayosogea mbele na nyuma na mgongo unaolala. Watu wengi wanaishi na gari hiyo miaka bila kujua, kwa sababu kava limefunika wenzo. Ivute nyuma kabisa upime upya. Magoti yanapata nafasi nzuri. Gharama yake iko kwenye buti, ambalo linabaki la mabegi mawili matatu. Huwezi kupata magoti na buti kwa wakati mmoja kwenye gari ya urefu huu. Watu wazima wanne na mizigo ya siku mbili, IST inawabeba kwa raha kuliko Noah iliyojaa watu wanane. Watu watano wazima mpaka Dar, hapana.

Vitz na Passo, ndogo kuliko IST, zifikirie kwa mjini. Honda Fit ina siri yake: tangi la mafuta liko chini ya siti za mbele, kwa hiyo sakafu ya nyuma ni ya chini na mto wa siti ya nyuma unainuliwa ukasimama. Kitu kirefu kinachotakiwa kusimama, jiko la gesi na mtungi wake kwa mfano, kinaingia mlango wa abiria bila kulazwa. Na kwa nyumba yenye mzee ninaipendekeza Toyota Raum ya 2003 kuendelea kuliko IST na Noah. Upande wa kushoto hauna nguzo ya kati. Mlango wa mbele ukifunguliwa na wa nyuma ukatelezeshwa, ubavu mzima uko wazi. Kushoto ndiko kwenye ukingo wa barabara kwetu, kwa hiyo mzee anashukia pembeni salama.

Kupanda na kushuka ndiko watu wanakosahau kabisa kupima. Siti ya IST iko karibu na usawa wa nyonga za mtu mfupi. Mzee mwenye magoti mabovu anageuka, anakalia ukingo, kisha anaingiza miguu. Mwambie, "Bibi, kaa kwanza, miguu itafuata." Kinachomsumbua ni mlango wa nyuma, kwa sababu tao la tairi limekula sehemu ya chini ya uwazi na paa linamlazimisha kuinama. Mweke mbele. Kwenye Noah hainami, lakini lazima apande ngazi kwa mguu mmoja huku ameshika kitu, na hapo goti bovu linakataa. Kigoda imara cha sentimita 15 au 20 kikikaa nyuma ya siti ya dereva kinatatua. Angalia pia kama mshikio wa nguzo ya mlango bado upo na skrubu zake zimekaza. Mtu mzima huutundikia uzito wake wote. Siti ya tatu mgonjwa asipelekwe kabisa. Anayekwenda hospitali ya Ndanda au ya kanda ya Mtwara akae siti ya kati, mgongo umelazwa kidogo, mto mdogo kiunoni.

Joto la pwani, kuanzia Novemba mpaka Machi, linageuza hesabu zote. IST ina hewa ya kupoza, lakini matundu yako mbele tu. Chumba ni kidogo, kinapoa haraka. Noah ina chumba kikubwa, vioo vingi na, katika nyingi, kipozaji cha pili cha nyuma. Ukinunua, washa cha mbele na cha nyuma pamoja dakika 15 gari ikiwa juani, kisha kakae siti ya tatu. Mbele kukiwa baridi na nyuma kunapuliza joto, usikubali kuambiwa "gesi tu". Mabomba ya kipozaji cha nyuma yanapita chini ya gari, na hapo chumvi ya bahari na kokoto huyatoboa. Ukijaza gesi bila kuziba, baada ya wiki chache umerudi pale pale. Maji yakidondoka ndani kutoka kwenye kipozaji, bomba la kutolea maji limeziba kwa vumbi. Lizibuliwe kwa upepo wa kompresa.

Noah za zamani kidogo, zile za 1996 hadi 2001, injini iko chini ya siti za mbele. Bado zinafanya kazi nzuri ya kubeba abiria, ila joto la injini linapanda kwenye mapaja ya dereva. Inua siti ya mbele, angalia mpira unaozunguka mfuniko wa injini na zulia la kuzuia joto chini yake. Mpira ukikauka na kupasuka, joto linaingia, na moshi pia. Huu wa moshi si wa kuvumilia hata siku moja.

Mizigo. Noah yenye siti zote nane wazi ina nafasi finyu nyuma ya siti ya tatu, mabegi yasimamishwe na basi. Msimu wa korosho, au mnapokwenda msibani na masufuria, mikeka na gunia la mchele, mizigo inaishia miguuni mwa abiria. Mtu aliyeweka nyayo juu ya gunia amerudishwa kule kule kwenye kigoda, magoti juu, hata gari iwe ndefu namna gani. Afadhali kunja upande mmoja wa siti ya tatu, pakia watu sita au saba, mizigo isimame upande huo uliokunjwa. Kizito kikae chini kabisa kikiegemea mgongo wa siti ya kati, chepesi juu, kisizidi urefu wa mgongo huo, na kamba ipite kwenye ndoano za sakafuni. Gari zote mbili hazina ukuta kati ya buti na watu, kwa hiyo ndoo ya samaki wa Msangamkuu iwe na mfuniko na ikae kwenye beseni. Maji ya samaki yakishaingia chini ya zulia, harufu haitoki mpaka zulia ling'olewe, lioshwe na lianikwe.

Tabu nyingine zinazolaumiwa siti hazitoki kwenye siti. Upepo wa tairi uliozidi unafanya IST iwe ngumu kama mkokoteni. Kipimo sahihi kiko kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva, na kipimwe asubuhi tairi zikiwa baridi. Rimu kubwa zenye tairi nyembamba zinapendeza macho tu. Raba zinazopachikwa kati ya duara za springi ili Noah isikae chini ikijaa, zinaifanya irushe watu ikiwa na wachache. Shokapu zilizokufa utazijua kwa kuikandamiza gari nyuma na kuiachia: ikiyumba zaidi ya mara moja au mbili, zimekwisha.

Siti yenyewe ikichoka, usiweke mto juu ya mto. Fundi avue kava la siti, akate sponji iliyokufa, aweke ngumu chini na laini kidogo juu, jumla irudi unene ule wa kiwandani. Ikizidi inchi moja, kichwa kinakaribia dari na mkanda unapita tumboni badala ya kwenye nyonga. Kwa joto letu chagua kitambaa. Ngozi bandia inaunguza mapaja mchana na inalowesha mgongo jasho. Siti ya mbele yenye kibandiko cha mfuko wa hewa ubavuni isivishwe kava linaloziba ubavu huo. Reli za siti na za mlango wa kuteleza zipigwe brashi na kunyonywa mchanga kwanza, ndipo zipakwe grisi kidogo sana. Grisi juu ya mchanga wa ufukwe wa Shangani, Mtwara, ni msasa, inakula roli za mlango. Mlango wa umeme ukianza kusita, usilazimishwe kwa nguvu, waya wake utakatika.

Mwisho angalia mikanda, hasa ya siti ya tatu. Wavisha kava hupitisha kitambaa juu ya vishikio na kuvizika. Ingiza mkono katikati ya mto na mgongo, vitoe vyote, chomeka kila mkanda, uvute kwa ghafla uone kama unakamata. Gari zenye siti nane ziwe na mikanda minane inayofanya kazi. Ikiwa sita, hesabu watu sita.